Pleya ya mfukoni kwa muziki wa ubora wa juu: nianzie wapi kuchagua?

Kinanda77

Salaam wakuu. Natafuta pleya ya muziki ya mfukoni, kifaa cha kusikilizia tu, kisichopiga simu wala kupokea ujumbe. Nimesoma maelezo ya wauzaji mpaka macho yamechoka. Huyu anajisifia chipu ya kugeuza namba kuwa sauti, yule anaandika "biti 32, kHz 768, DSD512", mwingine anasema bila tundu la balansi hujasikia muziki. Sijui kipi kina uzito na kipi ni pambo la boksi.

Nilivyonavyo:

Eafoni za kuziba sikio, omu 16, dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) 115 kwa miliwati 1, zenye spika ndogo nne kila upande. Hizi za njiani.

Hedifoni kubwa zilizo wazi nyuma, omu 300, dB 97 kwa miliwati 1. Hizi za kusikilizia nimetulia.

Muziki wote ni FLAC (faili lililobanwa bila kupoteza ubora), kama GB 380. Sehemu kubwa imetolewa kwenye CD, kidogo ni 24/96 (biti 24, kHz 96), na kuna albamu kadhaa za jukwaani ambazo wimbo mmoja unaingia ndani ya mwingine bila kukatika.

Maswali: nichague kwa jina la chipu? Balansi ni lazima? Mfumo wa Android au ule mwepesi wa kiwandani? Bluetooth nitaitumia mara mojamoja, je, nayo ina lolote la kuangalia? Na nisiogope kuuliza: simu yenye adapta ya hedifoni haitoshi?

---

FundiWaya

Mkuu, umetaja ukinzani (omu) na usikivu (dB kwa miliwati 1) wa hedifoni zako, jambo ambalo wanaouliza swali hili husahau. Hesabu inaanzia hapo. Chipu ikae mwisho wa foleni.

Tuseme unataka kilele cha sauti kifike dB 110. Hicho ni kilele tu, mpigo wa ngoma au tarumbeta inapolipuka. Wastani wa kusikiliza utakuwa chini yake sana, na kwa ajili ya masikio yako uwe chini yake sana.

Hedifoni za omu 300: kutoka dB 97 hadi 110 ni dB 13, maana yake miliwati 20. Volti ni kipeuo cha pili cha (0.020 × 300), unapata 2.45. Mkondo ni miliampea 8 tu. Kwa hiyo hizi zinataka volti, mkondo hauzisumbui.

Eafoni za omu 16: tayari zinatoa dB 115 kwa miliwati moja, kwa hiyo dB 110 zinafikiwa kwa miliwati 0.32. Volti ni 0.072. Ndiyo, milivolti 72!

Umeona tatizo lako? Una vifaa viwili ambavyo kimoja kinataka volti mara 34 ya kingine. Pleya yenye misuli ya kusukuma hedifoni kubwa inaweza kuwa na kelele ya chinichini kwenye eafoni, ile "shhh" inayosikika wimbo ukinyamaza. Watu hudhani "shhh" hiyo imo kwenye rekodi. Mara nyingi ni ya amplifaya.

Kelele hiyo nayo ina hesabu yake. Geuza usikivu wa eafoni kuwa dB kwa volti: 115 + 10×log(1000/16), unapata dB 133 kwa volti 1. Pleya yenye kelele ya mikrovolti 5 iko dB 106 chini ya volti moja, kwa hiyo sikioni inafika dB 27. Ukiwa umeziba masikio chumbani usiku, hiyo utaisikia. Pleya ya mikrovolti 1 inaleta dB 13, hiyo husikii. Kumbuka kwamba katika vifaa vingi kelele hii haipungui ukishusha sauti, kwa sababu inazaliwa baada ya kidhibiti cha sauti. Kwa hiyo usishangae ukishusha hadi karibu na sifuri na bado ipo palepale.

Sasa ukinzani wa tundu la pleya lenyewe. Kanuni ya mkono ni kwamba usizidi moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Kwa omu 16 unapata omu 2. Lakini eafoni zenye spika ndogo nyingi zina tabia mbaya: "omu 16" ni namba ya sehemu moja tu ya masafa. Sehemu nyingine zinaweza kushuka hadi omu 5 na kupanda hadi 50. Tundu la omu 10 likikutana na eafoni ya namna hiyo, palipo na omu 5 panapoteza dB 9.5 na palipo na omu 50 panapoteza dB 1.6. Tofauti ni dB 8, na sauti ya eafoni imeshabadilika kabisa. Tundu la omu 1 linapunguza tofauti hiyo hadi dB 1.4, na la omu 0.5 hadi dB 0.7. Wewe tafuta chini ya omu 1.

Hedifoni za omu 300 hazina shida na hili hata tundu likiwa la omu 10.

Namba tatu za kudai kwa muuzaji basi: volti za juu kabisa kwenye tundu la 3.5 mm, kelele kwa mikrovolti, na ukinzani wa tundu. Akikupa nguvu peke yake, kwa mfano "miliwati 500 kwa omu 32", usifurahi mapema. Zigeuze: kipeuo cha pili cha (0.5 × 32) ni volti 4. Kwa omu 300, volti hizo 4 zinatoa miliwati 53. Ile 500 imeyeyuka, ila 53 bado inakutosha.

---

BintiAnalogi

Hesabu za FundiWaya ziko sawa, lakini swali la mwisho la Kinanda77 limerukwa, na ndilo la kuulizwa kwanza: je, simu na adapta haitoshi?

Adapta ya USB-C inayotoa volti 2 inaipa hedifoni yako ya omu 300 miliwati 13, kilele cha dB 108. Iko chini ya lengo lako kwa dB 2 tu. Hata zile ndogo za volti 1 zinafika dB 102. Kwa upande wa sauti tupu, adapta nzuri zina ukinzani wa chini na kelele ndogo kuliko pleya nyingi kubwa. Anayesema pleya maalumu lazima ishinde adapta kwa sauti, aje na vipimo.

Adapta inashindwa kwingine. Inakula betri ya simu. Inachukua tundu la chaji. Inaning'inia kwenye waya na kulegeza tundu kadiri siku zinavyokwenda. Na kwenye Android kuna mitego miwili. Wa kwanza: mfumo wa kawaida huchanganya sauti zote na kuzigeuza kwa kiwango kimoja, mara nyingi kHz 48 (sampuli elfu 48 kwa sekunde), hata kama faili lako ni la 44.1. Programu kama USB Audio Player PRO hupita pembeni ya mchanganyiko huo kwa kutumia dreva yake, na tangu Android 14 mfumo wenyewe una njia ya kupeleka biti bila kuzigusa, mradi programu na kifaa viikubali. Kusema kweli ugeuzaji wa siku hizi hausikiki kwa urahisi, lakini anayenunua kwa ajili ya ubora ana haki ya kujua kinachofanyika. Mtego wa pili: baadhi ya adapta huwaka sauti yake ya ndani ikiwa imeshushwa nusu, na simu haiipandishi. Mtu anapandisha mpaka mwisho na bado sauti ni hafifu, kisha analaumu hedifoni.

Sababu halali za kununua pleya ni vitufe unavyovipapasa mfukoni bila kutoa kifaa, nafasi ya memori kadi, betri ambayo haigombani na simu, na ukimya usiokatizwa na ujumbe. Ukizitaka hizo, nunua. Usinunue kwa kuahidiwa "pazia litakaloondolewa kwenye muziki".

Kuhusu Bluetooth: ukiunganisha hedifoni za Bluetooth, chipu na amplifaya ya pleya yako vimelala. Kugeuza namba kuwa umeme kunafanyika ndani ya hedifoni zenyewe. Pleya inakuwa ghala la mafaili na redio ya kutuma. Kinachobaki ni kodeki, yaani namna ya kubana sauti ili ipite hewani: SBC kwa kawaida hufika kbps (kilobiti kwa sekunde) 328, aptX 352, LDAC ina ngazi za 330, 660 na 990. CD ni kbps 1,411. Na ile 990 ya LDAC inahitaji hewa safi. Ukiweka pleya mfuko wa nyuma, mwili wako (maji matupu) unazuia mawimbi na sauti inakatika. Weka 660 uishi kwa amani.

---

MzeeWaFolda

Wenzangu wamemaliza umeme. Mimi naingia kwenye mafaili, maana pleya nyingi hurudishwa kwa sababu ya programu, si kwa sababu ya sauti.

Namba kubwa za boksi kwanza. CD ni biti 16, kHz 44.1. Biti 16 zinatoa nafasi ya dB 96 kati ya kimya na kilele, na kHz 44.1 inabeba masafa hadi kHz 22.05, juu ya sikio la binadamu. Mafaili yako makubwa kabisa ni 24/96. Pleya yoyote ya leo inayacheza hayo bila kutoka jasho. Kinanda77, "kHz 768" na "DSD512" haviongezi chochote kwenye GB zako 380. Vipuuze.

Memori kadi: kadi ya GB 512 inaonyeshwa na kompyuta kama 476 hivi, kwa hiyo mkusanyiko wako unaingia na unabakiwa na nafasi kidogo. Ukiweza chukua ya TB 1, lakini hakikisha pleya imeandikwa kwamba inaikubali. Kabla ya kuweka hata wimbo mmoja, ipime kadi yote kwa H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac. Kadi bandia hujitangaza TB 1 huku ndani ina sehemu ndogo tu. Majina ya nyimbo yote yanaonekana, lakini ukicheza zinakata baada ya sekunde chache au pleya inaganda. Watu husema pleya mbovu, kumbe kadi ndiyo mwongo.

Nakili kwa kisoma kadi, usinakili kupitia pleya. Pleya ya USB 2.0 ikienda MB 30 kwa sekunde itachukua saa tatu na nusu kwa GB 380. Kisoma kadi cha MB 80 kwa sekunde kinamaliza kwa dakika 80 hivi.

Wanaotumia Mac wajue kwamba huachiwa mafaili yaliyofichwa yanayoanza na "._" pembeni ya kila wimbo. Pleya nyingine huyaona kama nyimbo, unagonga "cheza" na hakuna kitu. Amri ya dot_clean inayaondoa.

Sasa lebo za ndani ya faili (jina la wimbo, msanii, albamu), na hapa ndipo palipo na kazi yenyewe. Pleya haijui folda zako ulivyozipanga. Katika orodha yake ya maktaba inasoma lebo. Albamu ya wasanii mchanganyiko isiyo na ALBUMARTIST (lebo ya msanii wa albamu nzima) inapasuka vipande ishirini, kila msanii na kipande chake. Albamu ya diski mbili isiyo na DISCNUMBER (lebo ya namba ya diski) inacheza wimbo wa 1 wa diski ya kwanza, kisha wa 1 wa diski ya pili, kisha wa 2 wa kwanza, vurugu tupu. Picha ya jalada yenye pikseli 3000 kwa 3000 ikiwekwa ndani ya kila wimbo inachelewesha kila kitu, na baadhi ya pleya hazionyeshi JPEG ya aina ya "progressive" kabisa. Punguza iwe 600 kwa 600, JPEG ya kawaida. Fanya usafi huu kwenye kompyuta kabla ya kunakili, maana kwenye pleya huwezi.

Albamu zako za jukwaani: FLAC yenyewe haina pengo, urefu wake ni kamili hadi sampuli ya mwisho. Ukisikia mkato kati ya nyimbo, kosa ni la programu ya pleya, na hakuna utakachofanya kwenye faili. MP3 ni habari nyingine, programu inayoitengeneza huongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni. LAME, mojawapo ya programu hizo, huandika kiasi hicho kwenye kichwa cha faili, na pleya isipokisoma utasikia kwikwi hata kama imetangazwa kuwa haina pengo. Nunua yenye kipengele cha kucheza bila pengo, kisha kijaribu siku ya kwanza.

ReplayGain pia, yaani lebo za kusawazisha ukubwa wa sauti kati ya nyimbo. Endesha programu ya foobar2000 au metaflac kwenye mkusanyiko wote, sauti yenyewe haiguswi, zinaongezwa lebo tu. Kwenye pleya chagua hali ya albamu, hasa kwa rekodi za jukwaani, la sivyo kila wimbo unapandishwa au kushushwa peke yake na muunganiko unavunjika.

Android au mfumo mwepesi? Kama husikilizi kwa mtandao, chukua mwepesi. Unawaka kwa sekunde chache na betri inadumu. Angalia tu kikomo cha idadi ya nyimbo katika maktaba. GB 380 za FLAC ya CD ni zaidi ya nyimbo elfu kumi, na baadhi ya mifumo midogo huishiwa pumzi huko. Ikitokea, vinjari kwa folda.

---

Kinanda77

Wakuu, asanteni, nimeanza kuona njia. Mawili tu. Kwanza, bado sijajibiwa kuhusu balansi. Pili, nimeona adapta ndogo yenye plagi ya 4.4 mm upande mmoja na tundu la 3.5 mm upande mwingine. Nadhani nitaweza kuchomeka eafoni zangu za kawaida kwenye tundu la balansi nipate zile volti za ziada?

---

FundiWaya

USIFANYE HIVYO!

Naeleza. Kwenye plagi ya kawaida ya 3.5 mm, kushoto na kulia vinachangia waya mmoja wa kurudi. Kwenye balansi, kila upande una waya wake wa kurudi, na waya huo nao unaendeshwa na amplifaya. Adapta uliyoiona inaunganisha waya hizo mbili za kurudi, kwa hiyo amplifaya mbili zinasukumana uso kwa uso. Pleya yenye ulinzi itajizima. Isiyo na ulinzi itachemka na kuungua.

Kinyume chake ni salama. Hedifoni yenye waya wa balansi inaweza kuchomekwa kwenye tundu la kawaida kwa adapta ya tundu la 4.4 mm na plagi ya 3.5 mm. Njia moja inapita, nyingine inaua. Usichanganye.

Balansi inakupa kitu kimoja cha uhakika: hadi volti mara mbili, yaani dB 6. Gharama yake ni kwamba ukinzani wa tundu unakuwa mara mbili, betri inaisha mapema, na mara nyingi kelele inapanda kidogo. Kwa eafoni zako ni hasara tupu. Kwa hedifoni za omu 300 inafaa tu iwapo tundu la kawaida halifikii volti mbili na ushee. Ukinunua waya wa balansi chagua 4.4 mm. Plagi ya 2.5 mm ni nyembamba na huvunjika shingoni, kipande kikabaki ndani ya tundu.

Kuhusu chipu, kwa kuwa hukujibiwa vizuri: kampuni za ESS, AKM, Cirrus Logic, zote zina chipu zinazopita uwezo wa sikio. Kiwanda cha AKM kilichopo Nobeoka, Japani, kiliungua Oktoba 2020, watengenezaji wengi wakalazimika kuhamia chipu nyingine. Muhimu ni kilichoizunguka chipu: usambazaji wa umeme, amplifaya, mpangilio wa bodi. Chipu ya bei kali kwenye bodi mbovu ni injini ya ndege kwenye baiskeli.

---

BintiAnalogi

Naongezea la kujaribu kifaa, maana hapa wengi hujidanganya bila kujua.

Ukilinganisha pleya mbili, sawazisha sauti kwanza. Ile iliyo juu kwa nusu desibeli tu itaonekana "ina uhai zaidi", na sikio halitakuambia kwamba ni ukubwa wa sauti tu umeongezeka. Weka toni ya Hz 100 kwenye zote mbili, chomeka hedifoni kupitia kigawanyaji (zikiwa nje ya masikio), pima volti kwa mita kwenye tundu la pili. Hz 100 ni kwa sababu mita za bei ndogo hazisomi vizuri kHz 1 na kuendelea. Zilingane ndani ya asilimia 2, ambayo ni chini kidogo ya dB 0.2. Kisha mwombe mtu akubadilishie bila kukuambia ipi ni ipi. Tofauti nyingi "kubwa" zitakufa hapo.

Ukitaka kubadilisha sauti kweli, tumia ikwalaiza na uhakikishe pleya ina ile ya vigezo, inayokuruhusu kuchagua masafa, upana na kiasi. Ukipandisha besi kwa dB 5, shusha kiwango cha jumla kwa dB 5 vilevile, la sivyo vilele vinagonga dari na kukwaruza. Na kabla ya kuipandisha besi kwenye eafoni, badilisha kwanza mpira wa masikioni kwa saizi nyingine. Mpira usioziba vizuri unavuja besi yote, na hakuna pleya itakayoirudisha.

---

Kinanda77

Nimebaki na mbili. Vipimo nilivyopewa kwa tundu la 3.5 mm:

Ya kwanza: miliwati 500 kwa omu 32, ukinzani omu 1.2, kelele mikrovolti 4.5.

Ya pili: miliwati 100 kwa omu 32, ukinzani omu 0.4, kelele mikrovolti 1.3.

Zote zinacheza bila pengo na zinakubali kadi ya TB 1. Moyo unavutwa na ya kwanza kwa nguvu zake.

---

FundiWaya

Moyo ukae kando kidogo tuhesabu.

Ya pili: kipeuo cha pili cha (0.1 × 32) ni volti 1.79. Kwa omu 300 hiyo ni miliwati 10.7, na hedifoni zako zinafika kilele cha dB 107. Ya kwanza ina volti 4, kilele dB 114. Tofauti ni dB 7, lakini ya pili iko chini ya lengo letu la 110 kwa dB 3 tu, na huko juu ni nadra kufika.

Kwa eafoni: kelele ya ya kwanza ni dB 26 sikioni, ya ya pili dB 15. Hiyo ya 26 utaisikia kila wimbo unapoanza na kila unapoisha. Tena ya kwanza ina volti 4 wakati eafoni zako zinataka 0.072 kwa kilele. Utakuwa unaishi kwenye ngazi chache za chini za kidhibiti cha sauti, ngazi moja kimya, inayofuata sauti kubwa mno. Hali ya geini (kiwango cha ukuzaji) ya chini itasaidia kama ipo, uliza inashusha dB ngapi, na uliza pia kama kelele iliyoandikwa ilipimwa kwenye geini hiyo.

Ningechukua ya pili. Ila kama unakusudia kutumia ikwalaiza nzito kwenye hedifoni kubwa, zile dB 5 alizosema BintiAnalogi zitakuacha na kilele cha 102, na kwa okestra iliyorekodiwa chinichini utatamani kidogo zaidi.

---

MzeeWaFolda

Naunga mkono ya pili. Betri: usiiache kwenye chaji ya 100% siku nzima kwenye joto, na ukiiweka kabatini muda mrefu iache karibu nusu. Uliza pia kama betri inabadilishika, kwa sababu zilizogundishwa ndizo huamua umri wa pleya. Mfuniko ukianza kunyanyuka, acha kuchaji papo hapo.

Siku ikifika, kabla muda wa kurudisha haujapita: chomeka eafoni chumbani usiku bila kucheza kitu, sikiliza "shhh". Cheza mpito wa wimbo hadi wimbo kwenye albamu ya jukwaani. Iweke bega kwa bega na simu inayopakua kitu, usikilize kama kuna mkwaruzo. Shusha sauti hadi ngazi ya chini kabisa uone kama kushoto na kulia vinalingana. Kisha iache icheze albamu zote mfululizo hadi betri ife, na uandike saa.

---

Kinanda77

Nachukua ya pili, kadi ya TB 1, na wikendi nzima ya kusafisha lebo. Ile adapta ya 4.4 nimeifuta kwenye orodha.